Maswali ya Wasomaji: Dawa Inayongoja Mwanga

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa sentensi mbili tu, aina ya matibabu ya saratani ambamo mgonjwa hupewa dawa isiyofanya kazi yoyote mpaka iangazwe kwa mwanga wa rangi maalumu. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyozibeba, na kwa hiyo safu yote ya leo nimeitenga kwa ajili ya jambo hilo. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Wengi wenu mmeniita daktari. Mimi ni mfamasia, si tabibu, nami nitaeleza namna tiba hii inavyofanya kazi na mahali inapokomea, lakini sitamwambia mtu yeyote afanyiwe nini, kwa kuwa sijamwona wala sijasoma vipimo vyake.

SWALI: Niliposoma habari ile nilidhani mnatutania. Mwanga utauaje uvimbe? Mimi nimeishi chini ya taa na jua kwa miaka hamsini na sijapungua hata ukucha.

JIBU: Hukupungua, mzee wangu, kwa sababu mwanga unaoonekana kwa macho hauna nguvu ya kuua seli peke yake, na dawa hizi nazo, zikibaki gizani, haziuui uvimbe. Kinachoua ni kukutana kwa vitu vitatu mahali pamoja na kwa wakati mmoja: dawa, mwanga wa rangi inayoifaa dawa hiyo, na oksijeni iliyomo katika tishu. Kimojawapo kikikosekana, hakuna linalotokea. Wataalamu huiita tiba ya fotodainamiki, na karibu kila swali nililoletewa linajibika kwa kuuliza ni kipi kati ya vitatu hivyo kipo na kipi hakipo.

Chukua molekuli moja ya dawa iliyotulia ndani ya seli. Mwanga ukiifikia, humeza nishati yake na kuingia katika hali ya msisimko isiyoweza kudumu. Yaweza kuitema nishati hiyo kwa kung'aa, jambo nitakalolirudia mwishoni, lakini mara nyingi huipokeza kwa molekuli ya oksijeni iliyo jirani. Oksijeni tunayovuta kila siku ni pole kiasi. Ikishapokezwa nishati hiyo hugeuka kuwa ya namna nyingine, kali, inayoshambulia mafuta ya utando wa seli, protini na chochote kilicho karibu nayo. Ukali huo huisha upesi mno, kabla oksijeni hiyo haijasafiri hata upana wa seli moja, na ndiyo sababu madhara hutokea pale pale ilipokuwa dawa. Molekuli ya dawa, ikiisha kutua mzigo wake, huwa tayari kubeba mwingine, ikaendelea hivyo mpaka yenyewe ichakazwe na mwanga.

Uvimbe hufa kwa njia zaidi ya moja. Baadhi ya seli hupasuka papo hapo. Nyingine huanza kujiua kwa utaratibu ule ule ambao mwili hutumia kila siku kuondoa seli zilizochakaa. Mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe nayo hujeruhiwa, damu ikaganda ndani yake, na seli zilizonusurika pigo la kwanza zikafa kwa kukosa chakula na hewa. Mwisho, mabaki ya seli zilizovunjika huamsha askari wa kinga ya mwili, ambao huja kusafisha na wakati mwingine hujifunza kuutambua uvimbe wenyewe. Hilo la mwisho linawavutia sana watafiti, ingawa katika tiba ya kila siku bado hakuna anayeweza kulitegemea.

Utauliza dawa inajuaje seli ya saratani. Haijui, angalau si kwa ukamilifu. Dawa za kudungwa husambaa mwili mzima. Tishu nyingi zenye afya huzitoa mapema, ilhali uvimbe, ambao mishipa yake huvuja na mifereji yake ya kuondolea majimaji ni mibovu, hubaki nazo kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kwa dawa iitwayo Photofrin daktari hungoja saa 40 hadi 50 baada ya kudunga ndipo awashe leza. Tofauti kati ya uvimbe na nyama nzima si kubwa kama tungependa, na kinachoikoa nyama nzima zaidi ya yote ni kwamba haikuangazwa.

Kuhusu rangi ya mwanga, fanya jaribio dogo: zima taa usiku, kisha bana tochi kali kwenye kiganja chako. Mkono utawaka mwekundu, kwa sababu damu humeza mwanga wa buluu na wa kijani na kuuachia mwekundu upenye. Kwa sababu hiyo hiyo dawa nyingi za tiba hii zimechaguliwa ziamshwe na mwanga mwekundu. Photofrin, kwa mfano, huamshwa na mwanga wa nanomita 630 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina urefu wake). Ukizidi kwenda mbele zaidi ya nanomita 800 na ushei, mwanga hupenya vizuri zaidi lakini nishati yake huwa ndogo mno kuweza kuibadilisha oksijeni. Watengenezaji wa dawa wanafanya kazi ndani ya dirisha hilo jembamba.

SWALI: Je, huu ni ugunduzi wa miaka hii? Mbona wazee wetu wa utabibu hawakuujua?

JIBU: Waliujua, ila hawakuwa na taa. Mwanafunzi mmoja wa utabibu mjini Munich, Oscar Raab, alikuwa akijaribu rangi iitwayo akridini kwa viumbe wa seli moja waitwao paramesia, naye akasumbuliwa na matokeo yasiyolingana: kipimo kile kile siku moja kiliua upesi, siku nyingine kikachelewa. Husimuliwa kwamba mojawapo ya majaribio yake yaliangukia siku ya mvua ya radi, mbingu ikiwa nyeusi. Alichokigundua, na kukichapisha mwaka 1900, ni kwamba tofauti ilikuwa ya mwanga uliokuwapo chumbani. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, hakulipuuza jambo hilo. Mwaka 1903 yeye na daktari wa ngozi Albert Jesionek walikuwa tayari wanapaka rangi ya eosini juu ya uvimbe wa ngozi na kuuangazia.

Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga mwenyewe miligramu 200 za hematoporifirini, kitu kinachotokana na sehemu ile ya damu inayoipa wekundu wake. Hakuona lolote mpaka alipotoka juani. Uso na mikono vilivimba vibaya, na ngozi yake iliendelea kulikataa jua kwa zaidi ya miezi miwili. Simsifu mtu kwa kujifanyia majaribio ya namna hiyo, lakini nakiri kwamba maelezo yake bado ni onyo lililo wazi kuliko mengi tunayoyachapisha kwenye vikaratasi vya dawa.

Baada ya hapo jambo hili lilidorora kwa miongo kadhaa. Huko Marekani, karibu na mwaka 1960, Richard Lipson wa Mayo Clinic alikuwa akitumia mchanganyiko uliotokana na hematoporifirini ili uvimbe ung'ae na kuonekana, bila nia kubwa ya kuuua. Aliyeufanya mchanganyiko huo uwe tiba ni Thomas Dougherty wa taasisi ya saratani ya Roswell Park mjini Buffalo. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 25 wenye jumla ya vivimbe 113 vya ngozi na vya chini ya ngozi. 111 kati ya hivyo vilitoweka au vilipungua. Kanada iliidhinisha Photofrin, dawa iliyotokana na mchanganyiko huo, mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu cha mkojo, na Marekani ikafuata mwaka 1995 kwa saratani ya umio. Leza na nyuzi nyembamba za kupitishia mwanga ndizo zilizokuwa zimekosekana miaka yote hiyo: unaweza kuwa na dawa nzuri, lakini usipoweza kuufikisha mwanga kwenye umio au kwenye njia ya hewa, huna tiba.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana saratani ya umio na vipimo vinaonyesha imefika kwenye ini. Anameza maji kwa shida. Nimesoma mahali kwamba mwanga unaponya saratani ya umio bila upasuaji. Nimtafutie tiba hii hata ikibidi tusafiri mbali?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Nitakujibu bila kuzunguka kwa sababu umeuliza jambo ambalo linaweza kukugharimu muda na mali.

Mwanga, hata ule mwekundu, hupenya katika nyama kwa takriban sentimita 1 tu, na nguvu yake huzidi kufifia kadiri unavyokwenda ndani. Tiba hii kwa hiyo hushughulikia kile ambacho mwanga umekigusa, basi. Saratani iliyokwisha kusafiri kwa damu hadi kwenye ini, mapafu au mifupa haiwezi kufuatwa na uzi wa mwanga uliowekwa kwenye umio, kwa maana ili kuitibu yote ingebidi kuangaza kila pembe ya mwili. Yeyote atakayekuambia kwamba tiba ya mwanga itamponya mama saratani iliyoenea, mwepuke.

Hata hivyo uliyoyasoma hayakuwa uongo. Yaliachwa nusu tu. Tiba hii inaweza kuondoa kabisa saratani changa, iliyo nyembamba na iliyobaki kwenye utando wa juu, hasa kwa wagonjwa ambao hawawezi kuhimili upasuaji. Kwa uvimbe mkubwa uliokwisha kuziba umio, matumizi yake ni mengine: daktari huingiza endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera, hupitisha uzi wa mwanga sambamba na uvimbe, na kuangaza ili nyama iliyoziba ife na njia ya chakula ifunguke. Siku mbili tatu baadaye hurudi kuangalia na kuondoa nyama iliyokufa, na huweza kuangaza tena pale inapohitajika. Lengo hapo ni mgonjwa aweze kumeza na kuishi siku zake kwa nafuu. Hilo si jambo dogo, wewe unayemuuguza unalijua kuliko mimi, ila si kupona.

Kuna njia nyingine zinazotimiza lengo hilo hilo la kufungua umio, mojawapo ikiwa kuweka bomba la wavu linalotanuka ndani yake, na huenda hiyo ikapatikana karibu zaidi bila kumfunga mama ndani kwa wiki kadhaa akikwepa jua. Waulize madaktari wake mambo haya waziwazi: uvimbe umekwenda kina gani, je, umeukaribia mshipa mkubwa wa damu au njia ya hewa, maana nyama ya uvimbe ikifa hapo yaweza kuacha tundu la hatari, na ni njia ipi itakayomwezesha kumeza mapema, kwa usumbufu mdogo. Ukisikia wanasema tiba ya mwanga haimfai, usidhani wamekata tamaa naye. Huenda wamepima umbali ambao mwanga unaweza kwenda.

SWALI: Nina baka la saratani ya ngozi kwenye paji la uso. Daktari ameniambia nitapakwa krimu, nisubiri saa tatu, kisha niangaziwe taa nyekundu. Je, krimu hiyo ndiyo dawa yenyewe, na inauma?

JIBU: Swali lako la kwanza ni zuri kuliko ulivyodhani, ndugu yangu, kwa sababu krimu hiyo si dawa yenyewe. Ni malighafi. Seli zetu zote hutengeneza hemu, ile sehemu ya damu inayobeba chuma, kupitia mnyororo wa hatua nyingi, na asidi ya aminolevuliniki au ndugu zake zilizomo katika krimu ni hatua ya mwanzo ya mnyororo huo. Ukiipa seli malighafi kupita kiasi, hutengeneza kwa wingi kitu kiitwacho protoporifirini, ambacho huhisi mwanga. Seli ya kawaida hukimaliza kwa kukitia chuma na kukifanya kuwa hemu. Seli nyingi za saratani ni goigoi katika hatua hiyo ya mwisho, kwa hiyo kitu hicho hurundikana ndani yake. Saa tatu unazosubiri ni muda wa seli zako kujipikia dawa itakayoziua, na sijui mfano mwingine katika famasia unaonipendeza zaidi ya huu.

Ndiyo, inauma. Wengi huisikia kama kuungua au kuchomwa sindano nyingi taa inapowashwa, na kwenye uso huwa zaidi kuliko mgongoni. Feni, hewa baridi, kusimamisha taa kwa muda, au ganzi kwa baadhi ya watu, hupunguza maumivu. Mweleze mhudumu mapema, usijikaze kwa aibu. Siku zinazofuata ngozi itakuwa nyekundu, itavimba kidogo, kisha itashika gamba. Kovu mara nyingi huwa dogo kuliko la kisu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua tiba hii kwa mahali kama paji la uso.

Uliza jambo moja tu: saratani yako ni ya aina gani na ina unene gani. Tiba hii huwafaa wenye mabaka yaliyoharibiwa na jua ambayo bado hayajawa saratani, wenye saratani ya seli bapa ambayo haijavuka tabaka la juu la ngozi, na wenye ile saratani itokayo kwenye seli za sehemu ya chini kabisa ya tabaka hilo ikiwa bado ni nyembamba. Kwa saratani ya seli bapa iliyokwisha kuzama haishauriwi. Kwa melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, pia haitumiki kwa kawaida: rangi nyeusi ya uvimbe wenyewe huumeza mwanga kabla haujafika kina, na ugonjwa wenyewe ni mwepesi wa kusambaa. Kumbuka pia kwamba baka lililotibiwa linahitaji kuangaliwa tena baada ya miezi, kwa maana hakuna aliyelikata na kulipeleka maabara kuhakikisha kingo zake ni safi.

SWALI: Baba alidungwa dawa ya tiba hii kwa ajili ya uvimbe wa kwenye njia ya hewa. Tuliambiwa akwepe jua. Wiki ya pili aliketi nje muda mfupi, akiwa amepaka losheni ya kukinga jua yenye nguvu kabisa, na bado aliungua mikono na shingo. Je, losheni ilikuwa bandia?

JIBU: La, losheni huenda ilikuwa halisi na ilifanya kazi iliyotengenezewa. Mpe baba pole, na barua yako naomba kila mwenye mgonjwa wa namna hii aisome mara mbili.

Losheni za kawaida huzuia mionzi ya jua isiyoonekana, ile inayobabua ngozi ya kila mtu. Dawa aliyopewa baba huamshwa na mwanga unaoonekana, na losheni hizo huupitisha mwanga huo kama kioo safi. Kinachokinga ni kitambaa: mikono mirefu, suruali, glavu, kofia pana, na miwani myeusi iliyoruhusiwa na waliomtibu. Kwa Photofrin tahadhari hii hudumu angalau siku 30, na kwa wengine huvuka hapo hadi miezi mitatu, kwa sababu dawa hutoka kwenye ngozi polepole. Mngeambiwa hayo yote kwa maneno haya haya. Kumwambia mgonjwa "kwepa jua" bila kumweleza kwamba losheni haitamsaidia ni kumpa nusu ya maagizo.

Jua lililopita dirishani ni jua vilevile. Taa kali za upasuaji, taa ya daktari wa meno na taa za kusomea zilizosogezwa karibu na ngozi zinaweza kudhuru. Hata kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu kimewahi kuhofiwa. Kwa hiyo baba akipelekwa hospitali yoyote katika kipindi hiki, hata kwa jambo jingine kabisa, jambo la kwanza kusemwa mapokezini liwe kwamba ana dawa hii mwilini.

Lakini msimfungie gizani. Hapa ndipo familia nyingi zenye upendo hukosea. Mwanga hafifu wa kawaida wa ndani ya nyumba huichakaza dawa iliyomo kwenye ngozi kidogo kidogo bila kuleta madhara, na mtu aliyekaa mwezi mzima katika giza totoro anaweza kutoka akiwa na dawa nyingi ngozini mwake kuliko yule aliyekaa sebuleni mapazia yakiwa yamefungwa nusu. Siku 30 zikiisha, asitoke moja kwa moja. Sehemu ndogo ya mkono, si ya uso, iwekwe juani kwa dakika 10. Kama baada ya saa 24 hakuna wekundu, uvimbe wala malengelenge, aanze kurudi nje taratibu. Kama vimeonekana, asubiri wiki mbili nyingine ndipo ajaribu tena. Na hayo yafanywe kwa ushauri wa waliomtibu. Kuungua kwake kwa sasa, hasa kama kuna malengelenge, kunahitaji kuonwa na daktari. Msipake vitu vya kubahatisha.

SWALI: Kuna mtu anauza matone ya rangi ya kijani ya majani pamoja na taa ndogo nyekundu, anasema ni tiba hiyo hiyo ya kunywa na kujimulika nyumbani.

JIBU: Si tiba hiyo. Muuzaji ameokota chembe ya ukweli: ipo dawa halisi, talaporifini, iliyotengenezwa kutokana na klorofili na inayotumika Japani kwa saratani changa ya mapafu. Lakini hiyo ni molekuli iliyobadilishwa maabara, hudungwa kwenye mshipa kwa kipimo kinachojulikana, na huangazwa na leza ya nanomita 664 iliyopitishwa mpaka kwenye uvimbe wenyewe. Anayekunywa matone ya majani na kujimulika kifuani hana dawa mahali inapohitajika, na mwanga wake hauvuki ngozi na mbavu. Atakachopoteza ni miezi ambayo uvimbe ulikuwa bado mdogo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kemia. Kama mwanga hauendi mbali, na uvimbe mkubwa katikati yake hauna oksijeni ya kutosha, je, si kwamba tiba hii imefika ukingoni?

JIBU: Umeweka kidole panapouma, mwanangu. Hayo mawili ndiyo yanayowakosesha watu usingizi maabara.

La mwanga limeshughulikiwa kwa pande mbili. Upande mmoja ni kuupeleka mwanga ndani: nyuzi hupitishwa kwenye sindano hadi katikati ya kiungo. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa padeliporifini, dawa iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume iliyo katika hatua ya hatari ndogo. Huamshwa na mwanga wa nanomita 753, ikiwa bado ndani ya mishipa ya damu, dakika chache baada ya kudungwa. Kazi yake ni kuifunga mishipa inayolisha uvimbe, na kwa kuwa hutoka mwilini upesi, mgonjwa halazimiki kukwepa jua kwa wiki nyingi. Upande wa pili ni kuifanya dawa iuchague uvimbe vizuri zaidi. Mwaka 2020 Japani iliidhinisha dawa ambamo rangi inayohisi mwanga imefungwa kwenye kingamwili inayoshika alama iliyo kwa wingi juu ya seli za saratani za kichwa na shingo. Huangazwa kwa nanomita 690, siku moja hivi baada ya kudungwa. Wazo hilo lilitoka kwa Hisataka Kobayashi na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani.

La oksijeni ni gumu zaidi, na tena tiba yenyewe hulizidisha. Ukimulika kwa nguvu sana, oksijeni huliwa haraka kuliko damu inavyoweza kuileta, na kuanzia hapo unamulika bure. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hupunguza nguvu ya mwanga au huuzima kwa vipindi ili damu ipate nafasi ya kuleta nyingine. Wanakemia wenzako wanajaribu njia ya kuiruka oksijeni kabisa: misombo ya ruteniamu na ya platinamu ambayo mwanga ukiigusa huvunja kifungo kimoja na kuachilia kitu chenye sumu ndani ya seli. Wazo la dawa isiyohitaji oksijeni si geni. Psoraleni, zilizomo katika mimea kadhaa, hujifunga kwenye DNA zikiangazwa na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na tangu mwaka 1988 Marekani imeruhusu zitumike kwa saratani ya chembe nyeupe za damu inayotokea kwenye ngozi, kwa kuitoa damu ya mgonjwa nje, kuziangaza chembe zake, na kuirudisha. Pale mwanga uliposhindwa kumwingia mgonjwa, waliitoa damu ikaufuata.

Nimeahidi kurudi kwenye molekuli inayotema nishati kwa kung'aa. Ile asidi ya aminolevuliniki ya kwenye krimu, mgonjwa mwenye saratani kali ya ubongo akiinywa saa chache kabla ya upasuaji, hufanya uvimbe uwake rangi ya waridi daktari anapowasha mwanga wa buluu, na nyama nzima ikabaki bila kuwaka. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, uvimbe unaoonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliofanyiwa hivyo, na kwa asilimia 36 tu ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida. Mwanga wenyewe hapo haukuua seli yoyote. Ulimwonyesha mpasuaji mahali pa kukata.